Gharama za shule mpya zikipanda: mwongozo kamili kwa bodi, kamati na wazazi

"Ndugu wazazi, fedha imeisha na jengo liko kwenye linta."

Kama umewahi kukaa kwenye mkutano wa Jumamosi chini ya mwembe ukaisikia sentensi hiyo, unajua kinachofuata. Kimya kidogo. Mzee mmoja anakohoa. Kisha kutoka nyuma kabisa, pale wanapokaa vijana, sauti inauliza: "Imeishaje?" Mwenyekiti anajibu: "Vifaa vimepanda bei." Mkutano umeshaharibika hapo, hata kama alichosema ni kweli tupu.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwanza nikiwa mzazi wa kuuliza, baadaye nikiwa kwenye kamati ya mapokezi (ile inayopokea vifaa vya ujenzi) ya sekondari ya kata, yaani mtu wa kuulizwa. Wazazi wengi hawagombi kwa sababu gharama imepanda. Nao wanajenga, wananunua bati na misumari, bei wanazijua kuliko sisi. Wanagomba kwa sababu wameambiwa mwishoni, na walichoambiwa ni jumla peke yake. Mwongozo huu ni wa kuzuia hayo mawili.

Ninaizungumzia Tanzania Bara, na hasa shule zinazojengwa kwa fosi akaunti: fedha inashuka hadi shuleni au kijijini, vifaa vinanunuliwa na kamati, mafundi ni wa hapahapa, hakuna mkandarasi. Ndugu zetu wa Kenya wana bodi za usimamizi chini ya sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 na taratibu nyingine za manunuzi, ila sehemu ya hesabu itawafaa vilevile.

Hatua ya kwanza: ishike namba ya mwanzo kwa maandishi

Huwezi kusema gharama imepanda kama hujui ilianzia wapi. Wiki ambayo fedha inaingia, kabla mtu hajaagiza hata mfuko mmoja wa saruji, bodi iwe na karatasi hizi mkononi: barua ya maelekezo ya fedha, michoro, mchanganuo wa gharama (ile BOQ yenye kila kifaa, kiasi chake na bei yake), na taarifa ya benki inayoonyesha fedha imeingia lini na kiasi gani. Toa nakala. Moja ikae kwa mkuu wa shule, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa mwenyekiti wa bodi nyumbani kwake. Karatasi za ujenzi zina tabia ya kupotea mwezi uleule zinapohitajika.

Kagua pia fedha imeingia akaunti ipi. Shule mpya ambayo bado haijasajiliwa mara nyingi haina akaunti, hivyo fedha zake hupitia kwa shule jirani, shule mama. Nimeona wazazi wakihangaika miezi miwili kuulizia hesabu kwa mkuu mteule wa shule mpya wakati hundi zote zinasainiwa ng'ambo ya barabara.

Kisha lielewe suala la awamu, maana hapa ndipo uvumi mwingi unapozaliwa. Chukua mradi wa SEQUIP, ule wa kuboresha sekondari uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500. Mwaka wa fedha 2021/22 kata nyingi zilipokea shilingi milioni 470 za kuanzia sekondari mpya, ilhali mpango kwa shule moja ulikuwa milioni 600. Mtu aliyesikia 470 kwenye mkutano mmoja na 600 kwenye mkutano mwingine anaamini kabisa kwamba gharama imeruka kwa milioni 130, na kwamba kuna mtu amezila. Kumbe ni fedha ya awamu ya pili ya mpango uleule. Siku ya kwanza kabisa sema namba mbili, ya mpango mzima na ya awamu hii, na ziandike zikiwa zimekaa pamoja.

Usishangae pia ukikuta shule ya jirani ina kiwango tofauti na chenu. Shule nyingine za SEQUIP zilizokuja baadaye zilipewa shilingi 584,280,029. Za msingi kupitia BOOST, mradi wa kuboresha shule za msingi, mwaka 2023 nyingi zilipata 348,500,000 kwa mkondo mmoja na 540,300,000 kwa mikondo miwili. Kabla ya kulinganisha yenu na ya kata ya pili, linganisha kwanza idadi ya majengo, mwaka na mradi. (Binafsi napenda namba isiyo ya mviringo. Angalau inaonyesha kuna mtu aliyekaa akajumlisha.)

Namba ya mviringo ina shida yake. Mwishoni mwa 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Milioni 20 Ilala, ambako saruji inatoka kiwandani na kufika kwenye eneo la ujenzi siku hiyohiyo, na milioni 20 Mafia au Ukerewe, ambako mfuko uleule unapanda chombo na kushuka kwa kubebwa mabegani. Kama eneo lenu ni la namna hiyo, upungufu mnaujua tangu siku ya kwanza, basi usemeni siku ya kwanza. Mhandisi wa halmashauri aandike kwa mkono wake kwamba usafiri utakula kiasi fulani zaidi ya mchanganuo. Barua hiyo ikiandikwa Februari ni tahadhari. Ikiandikwa Oktoba ni utetezi.

Hatua ya pili: kila kamati ishike kazi yake

Fosi akaunti ina kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayesimamia fundi. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kufanya kwenye kijiji ambacho watu wenye kalamu ni walewale sita. Hata hivyo jina moja lisitokee kwenye kamati mbili, na majina yote yabandikwe ubaoni pamoja na kitongoji cha kila mtu. Mjumbe mwenye duka la vifaa, au ambaye shemeji yake analo, aseme mapema na atoke kwenye kamati ya manunuzi. Bodi yenyewe hainunui kitu. Kazi yake ni kupokea taarifa, kuuliza, na kuipeleka hesabu kwa wazazi.

Hatua ya tatu: daftari la bei na leja ya stoo

Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na matumizi ya shule yanaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo kama shule. Vizuri. Lakini mzazi wa kawaida hana pa kuingilia huko, na mtandao wa vijijini nao una siku zake. Hivyo weka daftari la mkono la kurasa mia mbili, hata kama mifumo yote inafanya kazi.

Upande mmoja ni bei. Kila mnapoulizia kifaa andika tarehe, duka, bei na kama usafiri umo ndani au la. Mwezi ukiisha bila kununua, ulizeni tena na mwandike tena. Daftari hili ndilo litakalowaokoa. Mwaka 2022, mafuta yalipovuka shilingi 3,000 kwa lita, bei za kokoto na mchanga zilibadilika kila lori lilipoingia, na kamati zilizokuwa zimeandika bei za kila wiki zilisimama mbele ya watu bila jasho. Zisizoandika zilibaki kusema "bei zilikuwa juu sana kipindi kile", na nani ataamini?

Upande wa pili ni mapokezi. Usiandike "tripu 11 za mchanga". Tripu siyo kipimo. Panda kwenye lori na futi yako ya kupimia. Sisi tulipanda siku moja baada ya kumtilia shaka msambazaji: bodi la lori lilikuwa na urefu wa mita 3.6, upana 2.1, kina 0.6, yaani meta za ujazo 4.5 na kitu, huku ankara ikisema 5 kwa kila safari. Kwa safari 11 tulikuwa tumelipia mchanga wa lori zima na zaidi ambao haukuwahi kushushwa. Dereva alicheka tu, akasema hakuna aliyewahi kumpimia. Kuanzia siku hiyo futi ilikaa stoo, imefungwa kwa kamba kwenye mlango.

Nondo nazo zipimwe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10 na nusu. Ya milimita 10 ni kama kilo 7 na nusu. Ukiweka kwenye mizani nondo iliyouzwa kwa jina la 12 ikasoma 8 na nusu, umeuziwa nyembamba kwa bei ya nene. Bati ni hivyohivyo: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa, na wengi huchanganywa hapo. Huku ni kupanda kwa gharama kusikoonekana kwenye jumla yoyote. Hesabu inasoma sawasawa, jengo ndilo limepungua.

Hatua ya nne: ongezeko likianza, ligawe

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayorukwa na karibu kila bodi.

Gharama hupanda kwa njia tatu tu. Bei ya kifaa imepanda. Kiasi kilichotumika kimezidi. Au kazi yenyewe imebadilika, kwa mfano jengo limeongezwa au msingi umeshuka zaidi chini. Kila ongezeko lazima liwekwe kwenye mojawapo ya mafungu haya, kwa shilingi. Chukua saruji kwa mfano, na namba hizi ni za kufundishia.

Mchanganuo ulisema mifuko 300 kwa shilingi 16,000, jumla 4,800,000.
Mliyonunua ni mifuko 380 kwa shilingi 17,500, jumla 6,650,000.
Ongezeko ni 1,850,000.

Sasa gawanya. Bei imepanda shilingi 1,500 kwa mfuko. Zidisha kwa ile mifuko 300 ya mwanzo, unapata 450,000. Hilo ni fungu la bei. Mifuko iliyozidi ni 80. Zidisha kwa 17,500, unapata 1,400,000. Hilo ni fungu la kiasi. Jumlisha, 1,850,000 inarudi palepale.

Mwenyekiti anayesimama na kusema "vifaa vimepanda bei" amesema ukweli wa laki nne na nusu, na ameacha milioni moja na laki nne bila maelezo. Huenda hakukusudia kuficha. Huenda hata yeye hakujua. Lakini yule kijana wa nyuma aliyeuliza "imeishaje" ana kaka yake fundi, na jioni watazikokotoa hizo namba kwenye kijiwe cha kahawa.

Kwa nini mifuko 80 imezidi? Usibuni jibu, pima. Darasa la mita 9 kwa 7 lina eneo la meta za mraba 63. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10 linataka zege la meta za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), kila meta ya ujazo inakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50, hivyo darasa moja ni mifuko 40 na kidogo. Kwa moja, tatu, sita, ambao mchanganuo mwingi huutumia kwenye jamvi, ni kama 28. Ongeza miwili mitatu ya upotevu. Fundi akisema jamvi moja limekula 60, kuna mambo manne ya kuangalia: jamvi ni nene kuliko mchoro, mchanganyiko umebadilishwa, mifuko imenyeshewa ikaganda stoo, au imetoka usiku. Toboa jamvi pembeni upime unene. Fungua leja ya stoo uone mifuko iliyotoka siku ile. Kila jambo lina alama yake, na likishajulikana lina namna yake ya kuelezwa.

Fungu la tatu, la kazi iliyobadilika, mara nyingi ni ardhi. Kiwanja cha shule mpya kwa kawaida ni kile ambacho hakuna aliyekitaka: mteremko, au mbuga ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Jengo la madarasa mawili lenye urefu wa mita 18, likikaa kwenye mteremko unaoshuka mita moja na nusu, linahitaji kama kozi sita za tofali zaidi upande wa chini, na kifusi cha kujaza humo ndani. Hayo yote yanaliwa na ardhi kabla ukuta haujaonekana. Ndiyo maana mzazi anayepita njiani anaona "hawajafanya kitu" wakati robo ya fedha imeshazikwa. Pigeni picha msingi kabla haujafukiwa, mtu mzima akiwa amesimama ndani yake. Picha moja ya fundi aliyezama hadi kifuani inajibu maswali ya mkutano mzima.

Na mabadiliko ya kazi yawe na barua. Mhandisi akisema shusheni msingi, aandike na asaini, siku hiyohiyo. Zege halilali, najua, fundi anasubiri na maji yameshamwagwa. Basi aandike nyuma ya karatasi ya pakiti ya misumari, kesho ataichapa.

Hatua ya tano: nguvu za wananchi nazo ni fedha

Hili linanikera, kwa hiyo nitalisema wazi. Mchanganuo una mstari wa kuchimba msingi, una mstari wa mawe, mchanga, maji. Kisha wananchi wanaitwa, wanachimba msingi bure, akina mama wanasomba maji, vijana wanaponda kokoto. Ujenzi unaisha na hakuna anayeuliza ile mistari ilikwenda wapi. Pengine ilifidia bei ya bati, na kama ni hivyo ni jambo jema. Lakini lisipoandikwa, aliyechimba atakuja kuombwa mchango wa fedha kwa upungufu ambao jembe lake lilikwishaupunguza.

Weka rejesta. Siku, kitongoji, idadi ya watu, kazi iliyofanyika. Thaminisha kwa bei ileile iliyo kwenye mchanganuo. Kisha kwenye taarifa weka mstari unaosomeka: "Kuchimba msingi: fedha iliyotengwa shilingi kadhaa, iliyotumika sifuri, imehamishiwa kwenye bati kwa uamuzi wa kikao cha tarehe fulani." Hakuna mstari unaopendwa na wananchi kama huo, kwa sababu majina yao yamo.

Hatua ya sita: karatasi moja ya ubaoni

Taarifa ya kurasa kumi na nne yenye mhuri haisomwi na mtu. Kila mwisho wa mwezi andaeni karatasi moja, maandishi makubwa, yenye safu tano: kazi au kifaa, mchanganuo ulivyosema, kilichotumika hadi leo, tofauti, na sababu ya tofauti kwa maneno yasiyozidi mstari mmoja. Chini yake andika salio la benki na tarehe yake, kazi iliyobaki na makadirio ya kuimaliza kwa bei za mwezi huu. Namba ya mwisho ndiyo inayofichwa zaidi. Wengi husema tumetumia kiasi gani, wachache husema bado tunahitaji kiasi gani.

Safu ya sababu isiwe na maneno kama "changamoto mbalimbali" wala "hali ya soko". Andika: "Saruji ilipanda kutoka 16,000 hadi 17,500 kati ya Machi na Juni, mifuko 80 imezidi kwa sababu ya msingi wa jengo la pili." Mtu akisoma aweze kwenda dukani akathibitisha.

Ibandike kwenye ubao wa shule, ofisi ya kijiji au mtaa, na mlango wa zahanati, maana huko ndiko watu wanakosubiri na kusoma. Ipige picha uitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ila usiishie huko. Wenye simu za batani ndio wengi waliochimba msingi.

Hatua ya saba: kusimama mbele ya watu

Kijijini tumieni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mamlaka za wilaya ya 1982 unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Mjini, mkutano wa mtaa. Upungufu ukionekana katikati, usisubiri ratiba. Itisheni mkutano wa dharura wakati fedha bado ipo benki, watu wapate cha kuamua. Ukiwaita fedha ikiwa sifuri umewaita kwenye matanga.

Utaratibu uliotufaa sisi ulikuwa huu. Watu watembezwe kwanza kwenye jengo, nusu saa, fundi mkuu akieleza. Ndipo wakae. Mwenyekiti ataje upungufu kwenye sentensi yake ya kwanza, kwa shilingi, kabla ya salamu ndefu za itifaki. Mjumbe wa manunuzi asome karatasi ya safu tano. Mhandisi aeleze yaliyobadilika. Halafu maswali, na swali ambalo jibu lake halipo liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayelijibu na tarehe. Mkuu wa shule asijibu kila kitu peke yake, maana atakuwa amejitwisha mzigo wa kamati tatu, na wazazi watakwenda nyumbani na jina lake tu mdomoni.

Kabla ya kutaja mchango, wekeni mezani njia nyingine: kumaliza majengo mawili na kuliacha la tatu kwenye boma, kubadili kile kinachoweza kubadilishwa bila kugusa uimara, kuomba halmashauri itumie mapato ya ndani, kuongeza nguvu za wananchi. Boma lililofunikwa vizuri juu ya ukuta linaweza kusubiri fedha ya umaliziaji. Lililoachwa wazi masika mbili hubomolewa na wanaokuja kulimalizia.

Mkifika kwenye mchango, ukumbukwe Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 na sera ya elimumsingi bila malipo. Mchango ni wa hiari, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Pitieni kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla ya kupanga kiwango, na kila shilingi iwe na stakabadhi. Daftari la mchango lisichanganywe na la fedha ya serikali. Ndoo mbili, visima viwili.

Kama wewe ni mzazi na bodi imenyamaza

Anza kwa mdomo, kwa heshima, kwa mtu mmoja. "Mwalimu, shikamoo, naomba kuona mchanganuo wa ujenzi" inafungua milango mingi kuliko barua ya kwanza yenye nakala kwa TAKUKURU. Mpe wiki. Ukipigwa danadana, andika.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na mwenye taarifa ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi. (Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huohuo, ni siku 21.) Barua yako iwe fupi na iombe vitu vyenye majina:

"Mimi ni mzazi na mkazi wa kijiji cha ____. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za: (1) mchanganuo wa gharama za ujenzi wa shule ____ ulioidhinishwa, (2) taarifa ya benki ya akaunti ya mradi tangu fedha ilipopokelewa, (3) muhtasari wa vikao vya kamati ya manunuzi, (4) barua za mhandisi zinazoidhinisha mabadiliko ya kazi. Niko tayari kulipia gharama za kudurufu."

Usiombe "taarifa zote za matumizi". Utapewa ukurasa mmoja wenye jumla, na kisheria watakuwa wamekujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha hesabu siku. Siku zikipita, au ukinyimwa, omba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, na sheria inakuruhusu kwenda hadi kwa waziri. Kabla hujafika huko mwone diwani. Yeye anakaa kwenye baraza linalopokea taarifa za miradi na anaweza kuliuliza swali lako kwa sauti kikaoni.

Soma pia ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, inayowekwa mezani bungeni kila Aprili na kupatikana kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Tafuta jina la halmashauri yako, na sehemu zinazozungumzia miradi ya fosi akaunti. Usitegemee kuikuta shule yako, ila utakuta aina ya makosa yanayorudiwa, na utajua ni swali gani la kuuliza. Ukiwa na ushahidi wa wizi, siyo hasira tu, namba ya TAKUKURU ni 113 na haina malipo.

Siku ya kukabidhi

Jengo likipakwa rangi, kila mtu anataka kusahau. Bodi ibaki na hesabu moja ya kufunga: mchanganuo wa mwanzo, mabadiliko yote yaliyoidhinishwa, jumla iliyotumika, madeni ya mafundi na wasambazaji ambayo hayajalipwa, na mabaki. Madeni yaandikwe hata kama yanaaibisha. Fundi anayedai laki tatu atasimama getini siku ya kufungua shule, na hapo hesabu yenu nzuri yote itaonekana ya uongo.

Mabaki nayo yahesabiwe mbele ya wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi na yaingizwe kwenye leja ya shule. Sisi tulibaki na mifuko 11 ya saruji, bati nne, na nusu ndoo ya rangi ya krimu. Mifuko sita ilimalizia njia ya kwenda vyooni, mitano ikatumika kwenye ngazi za jengo la utawala. Bati tulifunika nazo kibanda cha mlinzi. Rangi iliganda. Yote yamo kwenye ukurasa wa 187 wa lile daftari, na tarehe zake, hadi ya rangi.